Kompyuta ndani ya gari: chaji bila kujiumiza

(Mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa sekondari huko Mugeta, wilaya ya Bunda, mkoa wa Mara)

Haya, wale wa nyuma sogeeni kivulini, jua lisiwachome bure.

Najua mlitegemea nianze na Ukimwi, au malaria, au yale mambo ambayo kidato cha nne hupenda kuuliza huku wakikanyagana miguu. Yatakuja. Lakini mara ya mwisho tulipokuja hapa kuonyesha filamu, tuliacha sanduku la maswali kwa mwalimu wa malezi. Nilipolifungua, katikati ya maswali ya mapenzi nikakuta karatasi nne zinazouliza juu ya gari letu na ile kompyuta. Ya kwanza inasema: "Mnawezaje kuchaji kompyuta ndani ya gari wakati umeme umekatika?" Ya pili: "Ile kompyuta haiwezi kulipuka?" Ya tatu: "Kaka yangu ni dereva, anasema mnaua betri ya gari. Ni kweli?" Ya nne nitaisoma baadaye, kwa sababu nikiisoma sasa hamtasikiliza tena kitu kingine. (Vicheko)

Mtasema, kuchaji kompyuta na afya wapi na wapi? Subirini kidogo.

Nitaanza na yule mwenye kaka dereva, maana kaka yake ana hoja. Betri ya gari dogo, kama Probox au Noah, ni ya volti 12. Ndani mna sahani za madini ya risasi zilizozama ndani ya maji makali, yaani asidi ya salfa. Betri hii imetengenezwa kwa kazi moja kubwa: kutoa umeme mwingi sana kwa sekunde chache ili stata izungushe injini. Ampea mia mbili, mia tatu, halafu basi. Injini ikishawaka, altaneta ndiyo inayolisha taa, redio na kila kitu, na tena inairudishia betri kile ilichotoa. Ukipima wakati huo utakuta volti zimepanda, ziko kama 13.8 hadi 14.4.

Sasa wewe umezima injini, umechomeka kompyuta, unaangalia filamu. Altaneta imelala. Kila kitu kinatoka kwenye betri peke yake. Nani ana chaki? Tufanye hesabu, nyie si mnasoma fizikia?

Kompyuta mpakato ya kawaida, hii tunayoiita laptopu, hula wati 65 hivi ikiwa inachaji. Kifaa cha kubadilisha umeme nacho kinapoteza kidogo kama joto, kwa hiyo betri itatoa kama wati 75. Gawanya kwa volti 12. Unapata ngapi? (Sita nukta mbili tano!) Sawa, tuseme ampea sita. Betri ya ampea 50 kwa saa, ikiwa mpya na imejaa, haitakiwi kushushwa chini ya nusu, maana ya gari si kama ile kubwa ya sola iliyotengenezwa kushushwa na kupandishwa kila siku. Nusu yake ni 25. Gawanya kwa sita: saa nne. Hiyo ni betri mpya. Na betri za mpya hapa kwetu ziko ngapi? Zile zinazosukumwa kila asubuhi na watoto wa mtaani, hizo saa moja tu zinatosha kuzilaza.

Kwa hiyo mwambie kaka yako amesema kweli, ila ni kwa injini iliyozimwa. Tukiwa safarini, altaneta inafanya kazi, kompyuta inakula pungufu kuliko taa za mbele. Sisi huchaji barabarani, kutoka Musoma mpaka Bunda ni kama saa moja, na tukifika kompyuta imeshiba kiasi. Tukiegesha, tunachomoa.

Na hapa ndipo afya inapoingia. Gari likilala usiku katika kata kama hii, halilali peke yake. Fikirini ni saa nane usiku, mvua za masika zimenyesha, mama amepata uchungu na damu zinamtoka nyingi. Anahitaji kufika hospitali ya Bunda, na si kesho. Gari la wagonjwa likiwa mbali, nani anaitwa? Ni huyo huyo mwenye Probox. Wengi wenu mmesikia mpango wa m-mama. Ulianza mwaka 2013 huku Kanda ya Ziwa, na mwaka 2022 Serikali ikauzindua kwa nchi nzima. Unapiga 115, ni bure, na kama gari la wagonjwa halipo karibu, wanatafuta dereva wa kawaida aliyeandikishwa ambaye atalipwa kumpeleka mama au mtoto mchanga. Mpango mzuri sana, mimi naupenda. Lakini ndani ya mpango wote huo kuna jambo moja dogo lisiloandikwa popote: gari liwake. Dereva akizungusha ufunguo na kusikia "tik, tik, tik", maana yake jioni mdogo wake alikuwa anaangalia mpira kwenye kompyuta, basi. Mpaka watafutwe watu wa kusukuma, mpaka litafutwe gari lingine la kubusti, na damu haisubiri.

Kwa hiyo sheria yetu kwenye gari ni hii: injini imezimwa, kompyuta imechomolewa. Dereva wetu ni mkali kwa hilo kuliko mimi.

TUNDU LA SIGARA

Swali la kwanza sasa, mnachajije? Karibu na gia, kwenye gari nyingi, kuna tundu la duara. Lile lilitengenezwa zamani kwa ajili ya kuwashia sigara. Nadhani ndiyo faida pekee ambayo sigara imewahi kutuletea. (Vicheko) Siku hizi watu huchomeka humo chaja za simu.

Tundu hilo lina waya wake na fyuzi yake, mara nyingi ya ampea 10 au 15, nyingine 20. Piga hesabu tena: 15 mara 12 ni wati 180. Hicho ndicho kikomo, na mtu mwenye akili hafiki kwenye kikomo. Simu, sawa. Kompyuta moja, sawa. Kompyuta, projekta na spika kwa pamoja, hapana. Pasi ya umeme au birika la chai, usifikirie kabisa.

Ukizidisha, fyuzi inaungua. Na kuungua kwa fyuzi si ubovu wa gari, jamani. Fyuzi imekufa badala yako. Waya ulikuwa unaanza kupata moto ndani ya dashibodi, mahali usipopaona, fyuzi ikakata. Sasa Mtanzania anafanya nini? Anachukua karatasi ile ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, anaifunga kwenye fyuzi, anasema "imepona". Au anaweka kipande cha waya. Mmewahi kuona? (Ndiyo!) Mikono yote imeinuka, hata ya mwalimu. (Vicheko) Ukifanya hivyo, mara nyingine waya ukizidiwa hakuna kitakachokata. Ganda la waya litayeyuka, litashika zulia, zulia litashika kiti. Gari linaungua kwa dakika chache, na moshi wa sponji na plastiki unamlegeza mtu kabla moto haujamfikia. Fyuzi mpya ni bei ya soda, wala haifiki. Nunua mbili, moja iweke akiba, na iwe ya namba ile ile iliyoandikwa, si kubwa zaidi.

Kompyuta haiwezi kula volti 12 moja kwa moja. Nyingi zinataka volti 19 au 20. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni chaja ya gari iliyotengenezwa kwa kompyuta hiyo. Hizi kompyuta mpya zenye tundu dogo la USB-C hurahisisha mambo, chaja na kompyuta vinazungumza vyenyewe na kukubaliana volti. Mimi naipendelea njia hii, kwa sababu hakuna umeme mkubwa popote ndani ya gari na kinachopotea kama joto ni kidogo.

Ya pili ni inveta, lile sanduku linalogeuza volti 12 za betri kuwa 230 kama za TANESCO, halafu unachomeka chaja yako ya nyumbani. Hapa nataka tuelewane vizuri. Mtu anaona betri ya gari akiigusa kwa vidole haimrushi, anadhani na inveta ni hivyo hivyo. Si hivyo. Kinachotoka kwenye inveta ni volti 230, na umeme huo hauulizi umetoka bwawani Mtera au umetoka kwenye Noah. Unaua. Mikono iliyoloa, waya uliochubuka, tundu lililopasuka ambalo mtoto anaingiza msumari, yote ni hatari ile ile kama ukutani. Kisa ni gari, lakini shoti ni ya nyumba.

Inveta inataka hewa. Iweke sakafuni penye nafasi, usiifunike kwa kitenge, usiifiche chini ya begi la nguo. Baada ya dakika kumi gusa plagi kwenye tundu la sigara: ikiwa vuguvugu ni kawaida, ikiwa inachoma kidole, chomoa, tundu limelegea au mzigo umezidi. Ukisikia harufu ya plastiki, usijadiliane nayo. Na waya usipite karibu na miguu ya dereva. Waya ukijisokota kwenye pedali ya breki pale kwenye mteremko, tutazungumza mambo mengine kabisa.

Wakati wa kuwasha gari, chomoa kwanza. Stata ikizunguka volti hushuka ghafla mpaka kama 9 au 10 halafu hupanda tena, na vifaa vya kompyuta havipendi kuyumbishwa hivyo. Washa injini, iache itulie, ndipo uchomeke.

Jambo moja la wenye Fuso na mabasi. Hayo yana betri mbili zilizoungwa, jumla volti 24. Baadhi ya gari za kazi za dizeli pia ziko hivyo. Inveta ya volti 12 ukiiunganisha huko inaungua mara moja, pengine kwa cheche. Kabla hujachomeka kwenye gari usilolijua, muulize dereva, na usione aibu.

Inveta kubwa ya wati 300 au 500 haipiti tundu la sigara hata kidogo. Ya wati 300 peke yake inavuta ampea 25. Hiyo inafungwa kwenye betri kwa waya mnene wenye fyuzi yake karibu na betri, na anayefunga awe fundi umeme wa magari, siyo mjomba mwenye koleo.

MOSHI USIOONEKANA

Nimesema tuchaji injini ikiwa inawaka. Basi sasa lazima niwaambie na ubaya wake, maana nusu ya ushauri huua.

Mtu anaweza kusema, sawa dada, nitaegesha gari ndani ya banda, nitafunga mlango wezi wasinione, nitawasha injini nichaji huku nimelala kwenye kiti. Huyo anaweza asiamke. Moshi wa injini una hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Ule moshi mnaouona na kuunusa si huo, huu umejificha ndani yake. Ukiuvuta unaingia kwenye damu na kung'ang'ania chembe nyekundu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoshika. Damu inaendelea kuzunguka, moyo unapiga, lakini ni kama daladala lililojaa abiria wasioshuka, oksijeni haina pa kukaa.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Mtu anadhani ni malaria au njaa, anajinyoosha apumzike kidogo. Hapo ndipo anapokwisha. Mkiwa watu wawili watatu mahali pamoja na nyote kichwa kimeanza kuuma wakati mmoja, tokeni nje haraka, kwanza hewa safi, maswali baadaye. Aliyezimia mtoeni nje, mpelekeni kituo cha afya, na semeni wazi kwamba alikuwa kwenye moshi wa gari, ili mganga asihangaike kutafuta malaria.

Hewa hii ndiyo hiyo hiyo ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, na ya jenereta iliyowekwa ukumbini. Tumezika watu wengi nchini kwa majiko ya mkaa msimu wa baridi. Gari liwashwe nje, mahali pa wazi, bomba la moshi lisielekee dirisha la mtu wala lisizibwe na nyasi au matope. Kwa bahati mbaya unateketeza mafuta pia, kati ya nusu lita na lita moja kwa saa kutegemea injini, kwa hiyo hata mfuko unakuambia usikae hapo usiku kucha.

INAWEZA KULIPUKA?

Swali la pili. Betri iliyo ndani ya kompyuta si ya risasi, ni ya lithiamu, ya aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1991 na kampuni ya Sony. Mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yao juu yake. Ni betri nzuri, nyepesi, inabeba umeme mwingi katika nafasi ndogo. Lakini ndani yake mna kimiminika kinachowaka, na ikipata joto kupita kiasi inaanza kujipasha yenyewe, na huwezi kuizuia. Mwaka 2006 kampuni ya Dell ililazimika kurudisha betri zaidi ya milioni 4 za kompyuta zake kwa sababu baadhi zilishika moto. Kwa hiyo aliyeuliza hakuuliza ujinga.

Hapa kwetu adui ni jua. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani, hata nje ikiwa nyuzi 30 tu, ndani linaweza kupita nyuzi 50 kwa saa moja. Betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa na joto linalopita nyuzi 45 hivi. Sasa mtu ameiacha kompyuta juu ya dashibodi, chini ya kioo, akaenda mnadani. Anarudi, anaichomeka hapo hapo ikiwa moto kama kikaango. Usifanye hivyo. Fungua milango, iache ipoe kivulini, ndipo uchaji. Na ukiona kompyuta imevimba, padi ya kugusa imeinuka au kifuniko hakifungi, betri imevimba. Usiichaji tena, usiitoboe ili "hewa itoke", usiikalie. Ipeleke kwa fundi anayeaminika.

Ikianza kutoa moshi mkiwa safarini, dereva asimame, wote washuke na kusogea mbali, upande upepo unakotoka. Moshi ule una sumu. Usirudi kuokoa kompyuta, wala begi, wala hela ya nauli.

Nao watoto, tafadhali. Gari lililoegeshwa likiwa na kompyuta inayocheza katuni linawavuta kama asali. Wakijifungia ndani wakati wa jua, zile nyuzi 50 ni za miili yao pia, na mtoto mdogo hupata joto haraka kuliko mtu mzima.

KARATASI YA NNE

Haya, nimeahidi. Inasema: "Ni kweli mvulana akipakata kompyuta inaua mbegu za kiume?" (Vicheko, makofi) Naona mmeamka.

Swali zuri, na jibu si ndiyo wala hapana. Korodani ziko nje ya mwili kwa sababu maalumu: zinatengeneza mbegu vizuri zikiwa na joto la chini kidogo kuliko mwili. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliwapima wanaume 29 waliokaa saa moja na kompyuta mapajani. Joto la mfuko wa korodani lilipanda kwa zaidi ya nyuzi 2. Sehemu ilitokana na kukaa umebana mapaja, sehemu ilitokana na kompyuta yenyewe. Na kompyuta inayochaji huku inafanya kazi, ndani ya gari lenye joto, inakuwa ya moto kuliko kawaida. Hawakuonyesha kwamba wanaume hao walikuwa wagumba. Kwa hiyo, kijana, usiwe na hofu kwa dakika kumi, ila usiigeuze desturi. Weka juu ya begi gumu au ubao. Wasichana nanyi msicheke sana, ngozi ya mapaja inayochomwa na joto lile lile kila siku hubaki na madoa kama wavu, kama ya bibi anayeota moto.

Na kabla hamjapelekana pabaya: kompyuta kwenye mapaja si uzazi wa mpango! Mvulana akikuambia "mimi nilipakata laptopu jana, huwezi kupata mimba," huyo anakudanganya, na Ukimwi nao haujui kompyuta. (Vicheko) Tuishie hapo.

Nani amenyosha mkono? Sema dada, simama, usiogope.

(Mwanafunzi wa kidato cha pili: Dada, nyumbani betri ya gari ikifa, mdogo wangu na wenzake wanaipasua, wanatoa risasi, wanaiyeyusha kwenye kopo ili wauze kwa watu wanaotengeneza chubwi za nyavu. Kuna madhara?)

Ahsante. Hili naliweka juu ya yote niliyoyasema leo, na muda tulionao tutautumia hapa.

Kwanza asidi. Wakiipasua inaruka. Ikiingia machoni mtoto anaweza kupofuka. Ikitokea, osheni jicho kwa maji safi yanayotiririka, kope zikiwa zimefunguliwa, dakika 20 bila kuacha, hata akilia. Kisha hospitali. Msitie mafuta, msitie maziwa, wala maziwa ya mama. Nguo iliyomwagikiwa ivuliwe mara moja. Tena, betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche tu, kwa hiyo msiwashe kiberiti karibu nayo kutazama maji yamefika wapi.

Pili ndiyo risasi yenyewe, na hiyo haiumi siku ile. Inapoyeyushwa inatoa moshi na vumbi linalotua kwenye udongo, kwenye vyombo, kwenye nguo za mdogo wako. Mtoto anayetambaa anashika udongo, anatia mkono mdomoni. Mwili wa mtoto hunyonya risasi mara nne au tano kuliko wa mtu mzima. Inaingia kwenye damu, mifupa na ubongo. Mtoto anapungukiwa damu, tumbo linauma, darasani haelewi, anakuwa mkorofi bila sababu, mnamwita mjinga. Ikiwa nyingi anapata degedege na kufa. Mama mjamzito anampelekea aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Na ubongo ulioharibika kwa risasi haurudi.

Msidhani natisha. Huko Thiaroye sur Mer, karibu na Dakar nchini Senegal, watu walikuwa wakipasua betri na kuchekecha mchanga kutafuta risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Na hapa jirani, Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, mtoto wake aliugua, akapimwa malaria na homa ya matumbo, vyote havipo, ndipo ikaonekana ni risasi. Akawakusanya wenzake, akakamatwa, hakunyamaza, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Miaka yote hiyo watoto wa pale wanakua.

Kwa hiyo mdogo wako, leo ukirudi, asipigwe wala asitukanwe, alikuwa anatafuta hela ya daftari. Mfanye aoge kwa sabuni, nguo zake zifuliwe peke yake. Kopo lile lisipikiwe tena hata maharage. Mahali walipoyeyushia wadogo wasichezee, na kuku wasiparue hapo kama mnaweza kupazungushia. Mwambie mama ampeleke kituo cha afya, na mtaje neno "risasi", kwa sababu mganga asipoambiwa hataliwaza. Mimi nitakaa na wewe baada ya hapa tuandike barua fupi ya kwenda naye, kama ukipenda.

Na betri ikifa, iuzeni nzima, haijapasuliwa, imesimama wima, kwenye duka linalouza betri mpya au kwa mnunuzi wa betri kuukuu mjini Bunda. Kuukuu ina bei yake, mara nyingi duka hukata kwenye bei ya mpya. Risasi ni zaidi ya nusu ya uzito wake, ndiyo maana wanaitaka. Hapo mdogo wako bado atapata hela yake.

Dereva amefungua boneti. Njooni wachache wachache, mkae hatua mbili nyuma, na asiwepo mwenye kiberiti.